Tanuri Tulilolijenga Bila Nia

Temeke, baada ya alasiri

Mwanangu Hamisi,

Salamu sikuandikii. Shikamoo yako ya asubuhi niliiitikia, na kesho utanipa nyingine kabla hujapanda treni. Nakuandikia kwa sababu yapo maneno ambayo nikiyasema kwa mdomo nitayageuza. Najijua. Kila nikianza kusimulia habari ya tanuri, ulimi wangu unatafuta njia ya kunitoa safi. Kalamu ni nzito, haiwezi kukimbia hivyo.

Na mwandiko wangu usiucheke. Herufi hizi ulinifundisha wewe mwenyewe kwa kibao chako cha shule, ukinifokea kama mie ndiye mtoto. Ningekuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, nilizosoma kwa marehemu baba yangu, lakini hizo wewe uliziacha njiani, mvivu wewe.

Umetoka kwenda kuaga Chang'ombe na mashati yako bado yanachezacheza kwenye kamba. Sitakuandikia namna ya kuyakunja, wala habari ya chandarua, wala ya chakula cha watu wa huko. Nimekulea tangu mama yako aliponiachia ukiwa na siku tisa, kama hukujifunza kukunja shati hapa, barua haitakukunjia. Mbele ya watu nakuita mume wangu, tukataniana wakacheka. Leo utani nimeuweka kando.

Jambo lenyewe ni la jana. Ulikaa barazani na karatasi yako, umevaa miwani ya kuazima uonekane karani. Ulinieleza kazi uliyoitiwa huko bara. Kwamba kuna mashine ya kupura mpunga inataka kujaribiwa, na wanaoijaribu ni wengi: wazungu wawili wa kilimo, fundi Mhindi aliyeitengeneza, na wakulima wa vijiji vitatu. Wewe utakaa katikati yao. Na kabla kazi haijaanza umetakiwa uandike makusudi yake, kitu gani kitapatikana, lini, na watu watajuaje kwamba kimepatikana. Nikakuambia hebu soma ulichoandika. Ukasoma: "Makusudi ya kazi hii ni kuleta maendeleo kwa wakulima." Ukafunga kalamu. Ukasema, "Tayari, Bibi."

Mie nikainuka nikaenda jikoni. Ulipokuja ukanikuta nafuta macho, ukasema moshi huo utakuua Bibi. Hamisi, jikoni jana hapakuwa na moto.

Unalijua lile gofu nyuma ya msikiti, mnalolaza mbuzi. Nyie watoto mnaliita Tanuri la Moshi. Wewe ulicheza humo na wimbo wake uliuimba, na mie nilikuwa nakusikia nikakuacha uimbe. Ulipokuwa mkubwa kidogo uliniuliza nani kalijenga, nikakuambia lilikuwa tanuri la kukaushia mbata, lilikuwa la kina mama, mie ndiye niliyekuwa mkubwa wao, likaharibika kwa sababu ya mwanamke mmoja mzembe aitwaye Chausiku, aliyeunguza nazi za watu. Ndivyo nilivyokuambia. Uliamini, kwa nini usiamini? Bibi hasemi uongo.

Bibi kasema uongo.

Vita vilikuwa vimekwisha, wewe ukitambaa. Sisi wanawake wa huku tulikuwa tunapasua nazi na kuzianika juani mpaka ziwe mbata, na kila masika ikifika tunalia. Mvua siku nzima, nazi zinaota ukungu wa kijani, zinateleza kama sabuni, tunazitupa jalalani. Ndipo akaja Bwana Shamba, kijana wa bara, Mkristo, jina lake Eliasi, mpole mpaka unamwonea huruma. Akasema ofisini kwao wanataka kujaribu tanuri jipya, lenye chaga juu na moto chini na dohani la kutolea moshi. Serikali italeta saruji na fundi, sisi tutaleta mawe, nazi na mikono. Fundi alikuwa Yohana, Mmakua wa Masasi, mtu wa maneno machache na mawe yaliyonyooka. Jumbe akasema wanawake wachague mkubwa wao. Wakanichagua mie kwa sababu nasoma. Kiburi changu kilianza hapo, kikanenepa.

Siku ya kwanza tulikaa chini ya paa la Jumbe, tisa sisi, na Bwana Eliasi na daftari lake. Akaniuliza, "Bibi, tanuri likiisha, mnataka liwafanyie nini?"

Mie nikaona ananipima kama mjinga. Mtoto mdogo yule, ananiuliza tanuri ni la nini! Nikamjibu, "Bwana, tanuri ni la kukaushia. Umesoma kote huko, hili hukufundishwa?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Eliasi naye akatabasamu, akainama kwenye daftari, akauliza tena kwa namna nyingine, nikamjibu kwa mzaha mwingine. Hakuuliza mara ya tatu. Akaandika kitu chake, sijui nini, sikumwambia anisomee. Kicheko kile kilikuwa kitamu, Hamisi. Nimekilipia mpaka leo.

Alikuwepo mmoja ambaye hakucheka. Chausiku. Huyu nilichezwa naye unyago, tulikaa ndani pamoja miezi, tukalia pamoja, tukatolewa pamoja siku moja. Mwenzangu kuliko dada wa tumbo moja. Akasema, kwa sauti yake ya chinichini, "Mie nataka mbata ikae masika nzima darini, na nikiivunja ilie ka! kama kijiti kikavu. Ikilia hivyo, tanuri limefaa. Ikipinda, halijafaa."

Basi. Neno lote la kazi lilikuwa pale. Tunataka nini, mpaka lini, na tutajuaje. Mwanamke asiyejua alifu wala a-be-che alilisema kwa pumzi moja. Na Bwana Eliasi aliinua kalamu, nilimwona, alitaka kuandika. Mie nikamshika Chausiku goti nikamwambia, "Shoga, usituaibishe mbele ya mgeni kwa maneno ya jikoni."

Akarudisha goti lake. Kalamu ikashuka.

Siku ya kuweka jiwe la msingi tukapika uji wa mchele, tukachoma ubani, tukamwita Mwalimu wa chuo aje atusomee. Fundi Yohana akavua kofia akasimama pembeni na dua yake ya kwao. Mwalimu akaniuliza, "Tunaomba nini?"

Nikasema, "Omba kheri tu, Mwalimu. Mungu anajua."

"Mungu anajua," akasema. "Nauliza kama nyinyi mnajua."

Watu wakainamisha vichwa. Mie nikamwambia asome, jua linapanda. Akasoma. Wewe unajua kwetu hata rakaa mbili za sunna haziswihi bila nia, mtu hutia nia kwanza ndipo akainua mikono. Sisi tulijenga nyumba nzima ya moto bila nia. Na unajua pia desturi yetu nyingine, kwamba jambo likishasomewa Fatiha halihojiwi tena, anayehoji anatia nuksi. Kwa hiyo tangu siku ile mlango ulifungwa. Kila mmoja akaenda na nia yake ameifunga kwenye pindo la nguo.

Nia zenyewe nilizijua baadaye sana. Bwana Eliasi aliambiwa na wakubwa wake kwamba inatakiwa mbata nyeupe, isiyonusa moshi, na kama si nyeupe jaribio halihesabiwi. Fundi Yohana alitaka ukuta usipasuke na dohani livute, watu wapite waone, wamwite akajenge kwingine. Wenzangu walitaka wasitupe nazi masika. Na mie? Nilitaka Bwana Mkubwa wa Boma aje Temeke aniamkie kwa jina. Nimeona haya kuliandika hili. Nimeliandika.

Nia hizi hakuna iliyokuwa mbaya, ila ya mwisho. Lakini hazikai kwenye moto mmoja.

Chausiku ndiye aliyepewa kutunza moto, kwa sababu ana subira. Siku ya Jumatatu nazi za kwanza zikapangwa juu ya chaga. Fundi Yohana akamwambia kuta bado mbichi, koka moto mdogo juma zima. Bwana Eliasi akamwambia achome vifuu vitupu, havina moshi, siku nne, asiongeze wala asipunguze. Na mie nikampelekea habari kwamba Bwana Mkubwa anakuja Alhamisi asubuhi, zikaushwe haraka ziwe tayari. Na vifuu? Mie nilikuwa nimewaambia wanawake wasilete vifuu, hivyo ni vyetu, vya kutengenezea kata na makaa ya pasi, Serikali haijasema ituchukulie na vifuu. Wakaleta makumbi, yale maganda ya nyuzi. Makumbi yana moshi, mtoto anajua.

Akanijia nyumbani. Nilikuwa uani nasukwa nywele, kwa ajili ya mgeni. Alisimama mbele yangu na majivu mpaka kwenye viwiko. Akanieleza yote matatu, la Fundi, la Bwana Shamba na langu, taratibu, kama mtu anayehesabu watoto asije akamsahau mmoja. Kisha akasema, "Shoga, niambie moja tu. Nikoke moto wa nani?"

Msusi akasimamisha mikono. Hata msusi alingoja jibu.

Hamisi, sikuwa nalo. Ningesema "sijui", tungekwenda wote wawili kwa Bwana Eliasi, tungemtafuta Fundi, tungekaa juu ya mkeka tukagombana mpaka jua lizame, na tanuri lile lingekuwa hai leo. Neno dogo, "sijui". Lakini mie Mwamvua binti Mzee, msomi wa Temeke, nisiyejua? Nikamwambia, "Moto ni moto. Fatiha imesomwa, wewe wahoji nini? Kakoke."

Akaenda. Siku tatu hakurudi kwake. Alikaa mdomoni mwa tanuri akigeuza nazi moja moja, maana kwa makumbi usipogeuza zinaungua. Nilipita mara moja nikamwona macho yamemwiva, nikaendelea na safari yangu.

Alhamisi akaja Bwana Mkubwa. Mzee mrefu, suruali fupi, soksi mpaka magotini. Aliniamkia, kwa jina. Nilivimba kama andazi. Akapanda kwenye chaga, akachukua mbata, akainusa, akaipangusa kwa kidole, akatuonyesha kidole. Cheusi. Akatazama ukuta, una ufa mwembamba kutoka chini mpaka kwenye dohani. Fundi Yohana akageuka akatazama barabara. Bwana Mkubwa akasema maneno yake kwa Kizungu, na Bwana Eliasi akanigeukia, jasho linamtoka. "Bibi, anauliza imekuwaje."

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningesema hatukukubaliana. Ningesema mie ndiye niliyesema haraka. Ningesema vifuu nimevizuia. Nikainua kidole hiki hiki kinachoshika kalamu, nikasema, "Aliyekoka moto ni yule pale."

Chausiku alikuwa amekaa kwenye jiwe. Akaniangalia. Alinipa muda, mwanangu. Alinipa muda mrefu wa kurudisha neno langu. Mie nikaziangalia bangili zangu. Akainuka, akakung'uta majivu kwenye kanga, akaondoka. Hakumwambia mtu chochote, siku ile wala siku nyingine.

Bwana Mkubwa aliandika neno moja kwenye karatasi. Saruji haikuja tena, na Bwana Eliasi alihamishwa kabla ya mwaka. Siku aliyokuja kuniaga alisema, "Bibi, nami nina kosa. Nilijua wanataka nyeupe, sikuwaambia, niliona mtakasirika." Nikamjibu ndiyo, una kosa. Langu sikulitaja.

Chausiku wakamwita Moshi. Kisimani mmoja anauliza nani kapita, mwenzake anajibu, moshi, hamwoni macho yanawasha? Wanacheka. Wimbo ukatungwa, ndio ule mliouimba. Mie sikutunga, lakini nilikuwa nikisikia nakaza kanga napita. Mwaka ule ule akahamia Kunduchi kwa kaka yake. Hakuniaga, nami nikawaambia watu, mnaona, mwenye hatia hukimbia.

Sasa nikuambie lililo baya kuliko yote, ambalo halijui mtu aliye hai.

Siku ile ile ya Alhamisi, kabla nyingine hazijatupwa, nilichukua mbata mbili nyeusi nikazitupa darini kwangu, wala sijui kwa nini. Masika ikaingia, mvua kama imetumwa. Nazi zote za juani zikaoza, za kwangu na za wenzangu. Mvua zilipokatika nilikuwa natafuta ungo darini, nikazishika zile mbili. Kavu. Hakuna ukungu hata punje. Nikachukua moja nikaivunja.

Ikalia. Ka!

Nilikaa palepale kwenye ngazi. Tanuri lilikuwa limefaa, Hamisi. Halikuleta nyeupe ya Boma, lakini lilileta kile kile tulichokuwa tunakililia, kile alichokitaja Chausiku na mie nikamshika goti. Kama lingeandikwa neno lake daftarini siku ile, mie ningetembea na mbata ile mkononi mpaka Boma nikaivunja mezani. Lakini halikuandikwa. Kwa hiyo lililofaa likahesabiwa limeharibika, na mtu aliyefanya kazi vizuri akahesabiwa mzembe.

Ningeweza bado. Ningetoka na ile ya pili nikawaita wenzangu. Niliteremka ngazi, nikaenda jikoni, nikazitia zote motoni. Mbata kavu ina mafuta, iliwaka vizuri sana. Nikapikia ugali wako.

Ndiyo sababu ya macho ya jana.

Sikufundishi kazi. Mie kazi moja niliyopewa niliivunja. Lakini ile karatasi yako ya maendeleo ichane kabla hujapanda treni. Maendeleo ndiyo ile kheri yangu niliyomwambia Mwalimu aombe. Neno kubwa la kujifichia. Hakuna atakayelikataa, na ndiyo ubaya wake. Ukifika huko, wazungu watakuambia lao bila kuulizwa sana, na fundi Mhindi ukikaa naye kwenye chai atakuambia lake. Kuna mwanamke utamkuta pembeni, ndiye atakayelisha ile mashine mpunga wakati nyinyi mmekwenda kula. Muulize huyo. Muulize atajuaje kwamba mpunga umepurwa vizuri. Atakujibu neno la jikoni, labda atasema punje zisikatike, labda atasema mgongo usimuume siku ya tatu. Liandike vilevile alivyolisema, wala usilipake rangi ya ofisini. Kisha uyasome ya kila mmoja mbele ya wote, kwa sauti, mpaka wasikie wenyewe yanavyopigana. Wagombane mapema juu ya mkeka, isije ikawa baadaye juu ya kichwa cha mtu. Na wakikuuliza jambo usilolijua, useme hujui. Hutakufa. Mie niliogopa kufa kwa neno hilo, na tazama nilichokiua.

Wewe umenirithi, ndiyo hofu yangu. Jana ulivyofunga ile kalamu ulinifanana mpaka kidevu.

Mie nami nimejiandikia makusudi, kwa kuwa nakusimanga wewe. Kesho treni yako ikishaondoka sirudi Temeke. Napanda basi la Bagamoyo nashuka Kunduchi. Nimeulizia, yu hai, anakaa karibu na pwani wanapouzia samaki, macho hayaoni sawasawa. Nitakwenda mchana, wanawake wenzake wakiwa wamejaa, nitawaomba wasikilize. Nitataja goti nililomshika, nitataja vifuu, nitataja Alhamisi, nitataja kidole na zile mbata mbili. Kwa faragha haihesabiki; nilimvunjia watu wakiona. Nikimaliza kusema yote matano mbele ya watu, kazi imekwisha. Nikitaja manne nikala la tano, haijakwisha, narudi siku nyingine. Msamaha sikuuandika, huo si wangu kuuandika, ni wake. Akinimwagia maji ya samaki nitarudi nimelowa.

Na wewe ule wimbo hutauimba tena, hata kwa mzaha, hata ukiwa mbali na watu wa kwetu.

Ukifika niandikie ulichowauliza na walivyojibu, kwa maneno yao. Ukiniandikia kwamba wote wamekubali, nitajua hukuuliza.

Nasikia kikohozi chako njiani, umerudi. Barua nitaitia ndani ya shati la kijani uikute treni ikishavuka Pugu, usije ukanitazama usoni kabla. Najua safari ya kesho ya Kunduchi naiogopa kuliko wewe unavyoogopa ya bara. Lakini Chausiku aliniuliza swali uani, na nilimrudisha kwenye majivu bila jibu. Akitaka kuuliza tena moto ule ulikuwa wa nani, nitamjibu kabla hajamaliza. Ulikuwa wangu.

Bibi yako aliyekulea,
Mwamvua binti Mzee